Marsela na Ng'ombe Waliohesabiwa

Marsela alikuwa mfupi, na sauti yake ilikuwa ndefu. Mashine ya kusaga ikiwaka, watu wote walinyamaza kwa kuwa hakuna aliyesikika. Marsela alisikika.

Sasa hayupo. Lakini ukimtaja kwa watu waliokuwa vijana Karatu miaka ile, watacheka kwanza, halafu watanyamaza.

Hakusoma sana. Darasa la nne, kwa masista, basi. Hayo madarasa manne aliyatumia kama mtu mwenye kumi na manne. Mumewe Sylvesta, fundi wa mashine ya kijiji, hakusoma hata moja. Yeye alijua sauti ya injini na alijua kunyamaza. Ndoa ikadumu.

Hawakujaliwa mtoto. Mwanamke huitwa kwa jina la mwanawe wa kwanza, na Marsela alikaa miaka mingi akiitwa Marsela tu, kama msichana. Mpaka lilipokuja gazeti.

Gazeti lenyewe lilizaliwa kwenye foleni. Ilikuwa mwaka mmoja baada ya vita vya Kagera. Sabuni foleni, sukari foleni, mafuta ya taa foleni. Unga nao foleni, maana dizeli ilikuja ikipenda. Vijana waliomaliza darasa la saba walishinda mashineni wamekalia madebe ya mama zao, wakitazama magari ya watalii yakipanda kwenda kreta ya wanyama. Mji ulikuwa unakua kila wiki. Leo gesti, kesho baa, kesho kutwa duka la mtu wa Moshi. Kila kijana alitaka kazi hotelini, na hakuna aliyejua hoteli ipi inataka watu. Magazeti ya Dar es Salaam yalifika yakiwa yamefungiwa vitumbua.

"Haya yanatuambia ya Dar," Marsela alisema siku moja, akilamba mafuta ya kitumbua juu ya picha ya waziri. "Ya Karatu nani atatuambia?"

"Wewe," alisema Sylvesta. "Lini uliacha?"

Alidhani ametania. Wiki ile ile Marsela alikusanya mifuko ya saruji kwa waliokuwa wanajenga, akaikung'uta, akaipasua, akatoa ile karatasi ya ndani iliyo safi. Wino akautengeneza kwa betri kuukuu za redio: aliponda ule unga mweusi, akauchanganya na uji mwepesi ili ushike. Kalamu ilikuwa unyoya wa jogoo, naye jogoo hakuombwa ruhusa. Juu kabisa akaandika FOLENI, na chini yake, Gazeti la Vijana wa Karatu. Akampa mumewe alipigilie ukutani mwa mashine, watu walisome wakingoja zamu.

Sylvesta alilipigilia kichwa chini, miguu juu.

Watu walipindisha shingo asubuhi nzima. Marsela alipofika akashika kiuno.

"Mzee, umelipindua!"

"Mwenye nia ataliinamia," alisema Sylvesta, akaendelea kutia mafuta kwenye mkanda.

Tangu siku hiyo kila toleo lilichorwa mshale pembeni, unaoelekea juu. Sylvesta alisema ule mshale ndio habari pekee aliyoielewa, na haukuwahi kumdanganya.

Foleni lilitoka kila siku ya mnada, tarehe saba na tarehe ishirini na tano. Waliliandika vijana wenyewe, sita au saba, kutegemea nani kapata kibarua. Waliandika gesti gani inatafuta mfua mashuka. Waliandika nani amechaguliwa kwenda sekondari, na korongo gani limekata njia ya Endabash. Waliandika pia kwamba kijana mmoja wa stendi amenunua suruali ya bugaluu, ile pana miguuni, akaivaa siku ya mvua, na sasa nusu ya udongo wa Karatu uko ndani ya suruali. Kijana akaja kulalamika. Marsela akamsikiliza, akamwuliza kama anaweza kuandika. Toleo lililofuata lilikuwa na habari mbili za huyo kijana, alizoandika yeye, kuhusu suruali za wengine.

Ndipo mji ukampa jina. Mama Foleni. Alijifanya halimpendezi. Akiitwa Marsela hakuitika tena.

Alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, habari isiyo na namba ni umbea. Ukimwambia watu wengi walikuja kanisani, atakuuliza wangapi. Ukimwambia mvua kubwa, atakuuliza ndoo ngapi. Ya pili, Foleni halidanganyi. Kuna mtu mmoja mwenye cheo alimwomba aandike kwamba bomba la sokoni sasa linatoa maji. Marsela alichukua ndoo, akakaa bombani tangu kiamsha kinywa hadi adhuhuri. Akaandika: "Bomba la sokoni, Jumanne: matone kumi na tisa." Yule mtu hakumsalimia mwaka mzima. Marsela alisema amepumzika.

Kati ya wale vijana alikuwepo Naisenya, msichana wa Kimaasai wa Olbalbal, wa miaka kumi na sita. Alikuwa anakaa kwa Marsela akijifunza cherehani parokiani. Baba yake, Mzee Senteu, alikuwa mteja wa mashine. Alikuja siku moja kusagisha, akaona watu wanasoma ukuta, akauliza ni nini. Mara ya pili akaja na binti yake na kibuyu cha maziwa.

"Huyu ana maneno mengi," alimwambia Marsela. "Nimeona hapa mna mahali pa kuyaweka."

Marsela alikipokea kibuyu kwa mkono mmoja na msichana kwa mwingine. Baada ya miezi miwili Naisenya alikuwa na kitanda chake, kikombe chake, na ubishi wake. Jioni walibishana juu ya habari hadi Sylvesta akahamisha kigoda chake nje.

Ukaja ukame. Olbalbal kule bondeni ilikauka, ikabaki vumbi na upepo. Senteu akapandisha ng'ombe wake wote, akapita nyanda za juu, akateremka mpaka Endabash. Huko alikuwa na marafiki wakulima, na mahindi yalikwisha kuvunwa. Wakamwachia mabua.

Naisenya aliiandika safari ile. Aliandika namna ng'ombe walivyotembea usiku na mchana, namna baba yake alivyombeba ndama shingoni, namna walivyonusa maji kabla ya kuyaona. Marsela aliisoma akiwa amesimama. Akakaa. Akaisoma tena.

"Nzuri," alisema. "Ng'ombe wangapi?"

"Wengi, mama."

"Wengi si namba."

"Kwetu ndiyo namba."

"Naisenya."

"Mama, ng'ombe wa mtu hawahesabiwi. Baba anawajua kwa rangi na kwa sura. Asipokuwepo mmoja, anaona pengo. Ukiwataja kwa namba unaita balaa lije kuwapunguza."

Marsela alilijua hilo. Bibi yake mwenyewe, Mwiraqw wa Endabash hiyo hiyo, hakuhesabu hata vifaranga. Ukimwuliza wangapi alijibu, "Wapo." Lakini mtu akishika kalamu husahau mkono uliomlea.

"Hiyo ilikuwa zamani," alisema. "Hili ni gazeti."

Kulikuwa na kijana mwingine, Inosenti, aliyependa namba kuliko chakula. Marsela akamtuma Endabash siku ng'ombe wa Senteu wanapelekwa kuogeshwa dawa ya kupe. Josho ni mfereji mwembamba. Ng'ombe huingia mmoja mmoja, anaruka, anaogelea, anatokea ng'ambo. Hata mvivu anaweza kuwahesabu. Inosenti hakuwa mvivu. Alirudi na namba.

Tarehe saba Foleni likatundikwa. Habari ilikuwa ya Naisenya. Kichwa cha habari kilikuwa cha Marsela, kwa herufi za ukubwa wa kiganja: NG'OMBE 164 WAOKOKA UKAME.

Naisenya alichukua ufagio. Alifagia uani mara mbili. Palikuwa safi tangu mara ya kwanza.

Karatu ikaipenda namba ile. Mnadani siku hiyo hiyo Senteu alisikia mtu anamwita, "Shikamoo, Mzee Mia na Sitini na Nne!" Alidhani ni ulevi. Wa pili akamwita hivyo hivyo. Wa tatu alikuwa mwuza chumvi, mtu mzima asiyekunywa. Senteu akauliza, akaambiwa. Hakwenda mashineni. Alirudi Endabash kwa ng'ombe wake, na kesho yake ndama watatu wakaanza kuhara.

Alikuja tarehe ishirini. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililomtisha Marsela. Alikaa kwenye gogo mpaka wa mwisho kwenye foleni akabeba unga wake. Naisenya alikuja akainamisha kichwa, baba yake akamgusa utosini. Kisha akamgeukia Marsela, akamsalimu kwa Kimaasai.

"Takwenya."

"Iko," aliitika Marsela. Sauti yake safari hii ilikuwa fupi kama yeye.

"Umehesabu ng'ombe wangu. Ndama watatu wanahara."

"Nimehesabu, mzee."

"Kwa nini?"

Marsela alifungua mdomo aseme ile sheria yake ya umbea. Akaufunga. Ilikuwa nzuri siku zote, lakini mbele ya mzee huyu ilionekana kama kofia ya kuazima.

"Nyumba inayohesabu ng'ombe wa watu," alisema Senteu, "kesho itahesabu watoto. Naisenya akusanye nguo zake. Mvua imegusa Olbalbal. Nitahama siku ya mnada, nitampitia."

"Baba," alisema Naisenya.

"Nimesema."

"Mzee, nitaifuta," alisema Marsela. "Nitaibandua sasa hivi, nitaichoma."

"Waliosoma nao utawachoma?"

Sylvesta, aliyekuwa nyuma ya mashine, alikohoa. Ni unga, lakini pia hakujua la kufanya.

Senteu alifikiri kidogo. Hakuwa mtu mbaya. "Iko njia," alisema. "Balaa linafuata namba ya kweli. Andika kwamba namba ile ni ya uongo. Watu wasome hivyo. Nitamwacha binti."

"Lakini si ya uongo, mzee."

"Ndiyo maana nataka uandike."

Akaondoka.

Siku mbili nyumba ile haikukalika. Naisenya alizikunja nguo zake, akazikunjua, akazikunja. Marsela alichukua karatasi ya saruji, akachovya unyoya, akaukausha hewani bila kuandika kitu.

"Andika tu," alisema Sylvesta. "Uongo wenyewe ni mdogo. Hata hauna miguu."

"Nikiandika uongo mmoja, kesho nikitangaza chanjo ya surua, nani ataniamini? Wewe utaniamini?"

"Mimi sijui kusoma."

"Mzee!"

"Basi mwache mtoto aende."

Alikuwa hajawahi kumwita Naisenya mtoto. Marsela alimtazama. Sylvesta akaenda kuangalia injini, ambayo ilikuwa imezimwa.

Alfajiri ya tarehe ishirini na mbili Marsela alijifunga kitenge, akadandia trela la trekta la mtu aliyekuwa anakwenda Endabash kuchukua maharage, akaketi juu ya magunia matupu pamoja na Inosenti. Alikuwa amepata wazo. Wazo lenyewe lilikuwa hivi: namba ikibadilika yenyewe, gazeti litaandika kwamba imebadilika, na hakuna aliyedanganya. Labda mzee ameuza ng'ombe mmoja. Labda amezaliwa ndama.

"Au wale wanaohara wamekufa," alisema Inosenti kwa matumaini.

"Nyamaza, wewe. Ndiwe uliyetuletea haya."

"Mama, ulinituma."

"Nyamaza hivyo hivyo."

Ndama walikuwa wamepona. Marsela alifurahi na kusikitika kwa wakati mmoja, jambo lililomshangaza. Hakuna ng'ombe aliyeuzwa. Mzee Senteu alikuwa ng'ambo ya malisho, ameegemea fimbo, anamwona, hamwiti. Basi Marsela akaanza kupita kati ya ng'ombe akitafuta mwenye mimba. Akampata mmoja wa mabaka mekundu na meupe, tumbo limeshuka, kiwele kimejaa. Akasimama nyuma yake.

Akasimama sana. Jua likapanda. Ng'ombe alikula mabua. Marsela alihamia upande mwingine apate kivuli cha huyo huyo ng'ombe, akarudi nyuma tena. Hakuna mhariri aliyewahi kungoja habari kwa heshima kama ile. Ng'ombe aliinua mkia. Marsela akasogea, moyo unadunda. Haikuwa ndama.

"Mama!" Sauti ya Senteu ilitoka ng'ambo. "Midomo!"

"Midomo imefanya nini?"

"Inacheza! Unahesabu tena!"

"Ninasali, mzee!"

"Sali umefumba!"

Marsela akaikaza midomo, mikono miwili juu yake, miguu imelowa kinyesi, kitenge kimejaa kupe. Senteu alimtazama. Kitu kikaanza kutikisika chini ya shuka lake, begani, kikapanda shingoni. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka fimbo ikamponyoka, akakaa chini kwenye mabua, akafuta macho.

"Njoo," alisema alipoweza. "Unataka nini kwa ng'ombe wangu Sambu?"

"Azae."

"Atazaa mwezi ujao."

"Mwezi ujao Naisenya atakuwa Olbalbal." Marsela alikaa chini naye. Akamweleza yote, tangu ndoo na yale matone kumi na tisa. Akamweleza kwamba yeye hana kitu kingine duniani ila kwamba watu wakisoma ukuta ule wanaamini. Halafu akasema, polepole, kwamba hiyo si kweli, kwa kuwa sasa kuna kikombe cha Naisenya pale nyumbani, na asubuhi hajui atakitazamaje.

Senteu aliiokota fimbo yake. Alichuma jani, akalitafuna. Mzee wa watu alikuwa na ng'ombe wengi, na binti mmoja tu aliyesoma. Alikuwa amemleta Karatu kwa miguu, na siku ile ya kurudi peke yake njia ilikuwa ndefu. Hakuyasema hayo wakati ule. Aliyasema baadaye sana, kwa Sylvesta, wakiwa wawili.

"Hujui kuomba radhi," alisema mwishowe. "Unajua kuandika tu. Mzee wako ana zizi?"

"Alikuwa nalo. Sasa anafugia misumari."

"Alitengeneze. Wewe sikupi kitu, huna adabu. Nampa yeye."

Tarehe ishirini na tano, mji ukiwa umejaa watu wa mnada, ng'ombe wa Senteu walipita barabarani wakielekea juu. Gari la watalii lilisimama na kuzungukwa pande zote, wazungu wakitoa kamera, wakidhani wamepangiwa. Mbele ya mashine mzee aliingia katikati ya kundi, akamtenga Sambu, akamshika Sylvesta mkono na kumwekea kamba kiganjani. Sylvesta alikuwa mweupe kwa unga toka kichwani hadi miguuni. Ng'ombe alimnusa, akamlamba shavu, likatokea shavu jeusi.

"Amekubali," alisema Senteu. "Ameona wewe ni pumba."

Kwa Wamaasai, waliopeana ng'ombe hawaitani tena kwa majina. Huitana Pakiteng, mpaka kufa. Senteu akasema, "Pakiteng." Sylvesta akajaribu naye. Lilitoka kama mtu anayemeza ugali wa moto. Foleni nzima ilicheka, na wao wawili wakashikana mikono vile vile.

Ndipo Marsela akaleta karatasi. Aliipigilia mwenyewe, sahihi, kichwa juu. Ilisema: "Foleni liliandika hesabu ya ng'ombe wa Mzee Senteu wa Olbalbal. Hesabu hiyo si ya kweli. Tena haikutuhusu. Mhariri anaomba radhi." Namba haikuwepo hata moja.

"Soma," Senteu alimwambia binti yake.

Naisenya alisoma kwa Kiswahili, kisha kwa Kimaasai. Nguo zake zilikuwa zimefungwa miguuni pake katika kanga. Baba yake alimsikiliza amefumba macho.

"Tena."

Akasoma tena. Watu wa foleni wakanyamaza. Hata Inosenti, aliyekuwa kichwani mwake anatoa moja katika mia na sitini na nne, alijizuia asiseme jibu. Alisema baadaye kwamba ndiyo kazi ngumu kuliko zote alizofanyia gazeti.

Senteu alifumbua macho. Akaunyanyua ule mzigo wa kanga kwa ncha ya fimbo, akauweka ndani ya mlango wa nyumba ya Marsela, pale pale ubavuni mwa mashine, kama mtu anayerudisha kitu mahali pake. Naisenya akainamisha kichwa. Akaguswa. Mzee akapiga mluzi, kundi likajivuta, vumbi jekundu likawafunika.

Marsela alibaki ameushika mlango. Sylvesta alipomkaribia na ng'ombe wake, alimkuta anafuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Ni unga," alisema Marsela. "Unga wako huu, mzee, utanipofusha."

Mashine ilikuwa imeishiwa dizeli tangu asubuhi. Sylvesta alijipapasa mfukoni. Alimwazima kitambaa.